Ada ya mwezi, ya mwaka au malipo ya mara moja: namna ya kutoza programu ya afya ya wanaume

Programu ya afya ya wanaume haitozwi kama ya muziki. Anayesikiliza muziki leo atasikiliza na mwakani. Anayepakua programu kwa sababu ya nguvu za kiume, kuamka usiku kukojoa kila mara au kuchelewa kupata mtoto anataka tatizo liishe, na likiisha anaondoka, kama inavyotakiwa. Wapo pia wenye tatizo la kuishi nalo, kama shinikizo la damu au uzito. Hao ni wateja wa aina mbili, na bei moja haiwezi kuwafaa wote.

Kwa hiyo kabla ya kuandika tarakimu yoyote, jiulize mwili wa mteja unahitaji muda gani kuonyesha mabadiliko. Jibu hilo lina uzito kuliko bei za washindani wako.

Muda wa mwili na muda wa malipo

Mbegu za kiume huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na huhitaji siku kadhaa zaidi kukomaa kabla hazijatoka. Mwanamume aliyeacha sigara au kupunguza pombe leo hataona tofauti kwenye kipimo cha mwezi ujao. Ataiona baada ya miezi mitatu hivi. Ukimtoza kwa mwezi, atalipa mara tatu kabla hajapata ushahidi wowote, na kila mara atajiuliza kama anatupa pesa.

Mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo huwasaidia baadhi ya wanaume wanaovuja mkojo au wenye uume usiosimama vizuri, nayo hupewa miezi mitatu hivi kabla ya kuamua kama yanafaa. Dawa za nywele zinapatana vibaya zaidi na ada ya mwezi. Minoxidil inaweza kuongeza kudondoka kwa nywele katika wiki za mwanzo, na matokeo mazuri hukawia miezi minne au zaidi. Maana yake ni kwamba malipo ya pili yanamfikia mteja siku zilezile anazookota nywele nyingi kwenye mto. Programu ya kufuatilia dawa hizo inayotoza kwa mwezi inajikaanga kwa mafuta yake.

Kuacha sigara ni kinyume chake. Hamu ya nikotini huwa kali siku chache za mwanzo na hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne. Msaada mkubwa unahitajika mwanzoni, kwa hiyo hapa ada ya mwezi ina mantiki.

Kisha kuna tezi dume. Dodoso la IPSS, la kupima dalili za tezi dume, lina maswali saba yenye jumla ya alama 0 hadi 35: 0 hadi 7 ni dalili ndogo, 8 hadi 19 ni za wastani, 20 hadi 35 ni kali. Mwanamume aliye kwenye uangalizi hulijaza mara chache kwa mwaka. Ukimtoza kila mwezi kwa kitu anachokifungua mara nne kwa mwaka, siku atakapoangalia taarifa yake ya benki utampoteza, na ataondoka na kinyongo.

Pendekezo letu linatokana na hayo. Tatizo lenye mwisho liuzwe kama kifurushi cha miezi mitatu kisichojihuisha chenyewe, yaani muda ukiisha mteja hakatwi tena. Apple ina aina ya usajili usiojihuisha, na Google Play ina mpango wa kulipa kabla, hivyo si lazima utegemee usajili wa kawaida. Ufuatiliaji wa muda mrefu uuzwe kwa mwaka. Ada ya mwezi ibaki kuwa mlango wa kuingilia kwa anayesitasita, bila kuifanya tegemeo la mapato.

Hesabu ya mwezi, miezi mitatu na mwaka

Tuchukue bei za mfano katika sarafu yoyote: 10 kwa mwezi, 24 kwa miezi mitatu, 60 kwa mwaka. Bei ya mwaka hapo ni nusu ya miezi kumi na miwili, na wengi huiona kuwa ni hasara. Inategemea wangapi wanaondoka kila mwezi. Kanuni ni hii: chukua 1, toa sehemu inayoondoka kila mwezi, zidisha jibu kwa lenyewe hadi lifike kipeo cha 12, toa matokeo kwenye 1, gawa kwa sehemu inayoondoka, kisha zidisha kwa bei.

| Wanaoondoka kila mwezi | Mapato ya mwaka wa kwanza kwa mteja wa mwezi | Mteja wa mwaka |
|---|---|---|
| 5% | 92 | 60 |
| 10% | 72 | 60 |
| 14% | 60 | 60 |
| 15% | 57 | 60 |
| 30% | 33 | 60 |

Mstari wa kugawanya uko kwenye asilimia 14. Ikiwa wanaokukimbia kila mwezi ni pungufu ya hapo, punguzo la nusu bei linakula faida yako, na bei ya mwaka ipande hadi 75 au 80. Wakizidi hapo, mteja wa mwaka kwa 60 ana faida kuliko wa mwezi, hata kabla hujahesabu kwamba fedha yote imeingia siku ya kwanza.

Kosa la kawaida katika hesabu hii ni kuchukua wastani wa wateja wote. Wanaoondoka ni wengi zaidi mwezi wa kwanza na wa pili, halafu kasi hupoa. Ukichanganya waliojiunga juzi na waliokaa mwaka, utapata asilimia isiyomhusu yeyote. Wapange kwa mwezi waliojiunga, fuatilia kila kundi peke yake, ndipo utumie kanuni.

Kifurushi cha miezi mitatu kwa 24 kinakaa katikati. Wakiondoka asilimia 15 kwa mwezi, mteja wa mwezi huleta 25.7 katika miezi mitatu. Wakiondoka asilimia 30, huleta 21.9. Kwenye vitabu vya fedha tofauti ni ndogo. Kwa mteja ni kubwa, kwa sababu ameamua mara moja tu, na uamuzi wake unafika mpaka siku ambayo kipimo kinaweza kuonyesha kitu. Mazoezi ya nyonga yanafanywa kila siku, hayana msisimko, na mtu anayeulizwa kila baada ya siku 30 kama aendelee ana kila sababu ya kukata tamaa wiki mbili kabla misuli haijajibu.

Ada ya wiki usiiguse. Apple inaruhusu kipindi kifupi hadi siku saba, lakini kuruhusiwa hakuifanyi ifae. Bei ndogo ya wiki hujumlika kuwa kubwa kwa mwaka bila mtu kuiona, na mwanamume aliyekuja na aibu ya ugonjwa hapaswi kukamuliwa kwa njia hiyo.

Mteja wa mwaka ana hatari yake: siku ya kuhuisha. Kama hajafungua programu kwa miezi saba, makato ya ghafla yatamfanya adai pesa na kuandika tathmini ya nyota moja. Mtumie taarifa siku 30 kabla na tena siku 7 kabla, ikieleza kiasi, tarehe na kiungo cha kusitisha. Utapoteza wachache ambao ungewapoteza hata hivyo.

Malipo ya mara moja

Wanaume wengi wanaipenda njia hii, na sababu si bei tu. Programu inayouzwa mara moja inaweza kufanya kazi bila akaunti, bila barua pepe, huku kumbukumbu zote zikibaki ndani ya simu. Kwa mtu anayeandika usimamaji wa uume wake ulivyokuwa jana, hilo lina thamani kuliko grafu yoyote.

Kwako wewe mwenye programu, swali ni gharama ya kila mteja kwa mwezi. Tuseme seva, barua na msaada ni 0.5 kwa mwezi, na unauza kwa 100. Duka (Apple au Google Play) likikata asilimia 15 unabaki na 85, inayotosha miezi 170, zaidi ya miaka 14. Salama. Sasa weka daktari anayejibu ujumbe, kila jibu likikugharimu 4, mteja akiandika mara mbili kwa mwezi. Gharama inakuwa 8.5, na fedha yote inaisha mwezi wa kumi. Baada ya hapo kila mteja mwaminifu anakutia hasara. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: panapohitajika binadamu wa kujibu, usiuze kwa mara moja.

Ukiuza mara moja kwa ahadi ya matumizi ya "maisha", andika pia ni maisha ya nani. Masharti yaseme wazi kuwa ni maisha ya programu, yataje vilivyomo leo, na yaeleze mteja atapata nini programu ikifungwa, angalau faili la kumbukumbu zake. Matoleo mapya ya iOS na Android hutoka kila mwaka na kila moja hudai kazi ya marekebisho. Kazi hiyo italipwa na wateja wapya peke yao, na wakipungua, wa zamani watabaki na programu inayochechemea.

Kulipia kila huduma

Hapa kanuni za maduka zinaamua mengi. Kwa Apple, mazungumzo ya moja kwa moja kati ya watu wawili, ikiwemo ushauri wa daktari, yanaweza kulipiwa kwa njia nyingine nje ya mfumo wa duka. Daktari mmoja akizungumza na kundi, hata la watu wachache, malipo yanarudi kwenye mfumo wa duka. Vitu vya kushikika, kama vifaa vya kupimia nyumbani au dawa, havilipiwi kupitia mfumo huo kabisa. Masomo, video za mazoezi na grafu ni vya kidijitali, na kwa kawaida hupita dukani.

Mkanganyiko huanzia kwenye kifurushi cha mchanganyiko: "mazungumzo mawili na daktari, pamoja na maktaba yote". Mkaguzi wa duka akiona maktaba inafunguliwa kwa kadi, anaweza kuirudisha programu. Zitenge mbili: usajili wa maktaba dukani, ada ya daktari kwa kadi, kila moja na kitufe chake na risiti yake.

Njia hii inamfaa mwenye swali moja. Udhaifu wake ni kwamba inamfanya mtu apime kila swali kwa pesa, naye huacha kuuliza lile dogo linaloweza kuwa kubwa. Uume kushindwa kusimama kunaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Usingependa mtu alinyamazie kwa kuogopa ada. Suluhisho linalofanya kazi ni dodoso la awali bila malipo, ambalo likigundua dalili za hatari linamwambia aende hospitali, badala ya kumuuzia mazungumzo.

Bure kwa matangazo

Hii tunaikataa. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliichukulia hatua GoodRx, kampuni ya punguzo la bei za dawa, kwa kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa kampuni za matangazo, na kampuni hiyo ikakubali kulipa dola milioni 1.5 huku ikikana kosa. Mwaka huohuo BetterHelp, huduma ya ushauri nasaha mtandaoni, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 katika shauri linalofanana na hilo. Katika kesi za namna hii tatizo huwa ni vipande vidogo vya msimbo wa matangazo na takwimu vilivyowekwa kwenye programu au tovuti, vikirusha majina ya kurasa. Ukurasa wako ukiitwa "matokeo-nguvu-za-kiume", jina hilo peke yake ni taarifa ya afya.

Kanuni za Apple zinakataza kutumia data za afya kwa matangazo. Kanuni ya ulinzi wa data ya Ulaya, GDPR, katika kifungu cha 9 inaweka data za afya na za maisha ya kimapenzi kwenye kundi linalolindwa zaidi. Na kutoza ada hakukusafishi: ukichukua ada na bado ukaacha msimbo wa matangazo ndani, umekosea mara mbili. Kagua kila kipande cha msimbo wa kampuni nyingine kilichomo kwenye programu kabla hujafungua malipo.

Mwajiri au bima analipa

Kwa mapato ni njia tulivu: mkataba mmoja, watu wengi, hakuna makato ya duka. Kwa matumizi ni ngumu, kwa kuwa mwanamume hatajaza dodoso la msongo wa mawazo au la tendo la ndoa kwenye programu aliyopewa kazini akihisi bosi anaweza kuiona. Na mara nyingi hofu hiyo ina msingi. Mwajiri ataomba ripoti. Ripoti ya idara yenye wanaume wanne inayosema mmoja ana dalili kali inamtaja mtu bila jina. Weka kwenye mkataba idadi ya chini ya kundi linaloweza kuripotiwa, usiruhusu ripoti ya idara ndogo, na usitoze kwa idadi ya waliotumia kipengele fulani, kwa sababu ankara yenyewe itakuwa ripoti. Toza kwa idadi ya wafanyakazi wote. Wajiandikishe kwa msimbo wa pamoja na barua pepe binafsi, kamwe isiwe ya kazini.

Dukani au kadi moja kwa moja

Apple hukata asilimia 30, lakini usajili unaojihuisha hushuka hadi asilimia 15 mteja akishapita mwaka mmoja wa kulipia, na watengenezaji wadogo wenye mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka wanaweza kuomba asilimia 15 tangu mwanzo, mpango ulioanza Januari 2021. Ni lazima uombe; haupewi tu. Google Play ilishusha makato ya usajili hadi asilimia 15 tangu siku ya kwanza kuanzia Januari 2022. Kanuni za kuelekeza wateja kulipia nje ya duka zinatofautiana kati ya nchi na hubadilika, kwa hiyo soma toleo la sasa la nchi unayouza.

Malipo ya kadi huonekana rahisi mpaka uhesabu sehemu yake isiyobadilika. Chukulia asilimia 3 na 0.30 kwa kila muamala. Kwa ada ya mwaka ya 60, makato ni 2.10, yaani asilimia 3.5. Kwa 10 ya mwezi ni 0.60, asilimia 6. Kwa ada ya wiki ya 3 ni 0.39, asilimia 13, karibu sawa na duka, na bado hujalipa kodi ya mauzo ambayo katika nchi nyingi duka lingekukusanyia na kuiwasilisha. Ongeza pia ada ya kila mteja anayepinga makato kwa benki yake. Kadi inalipa kwa vifurushi vikubwa; kwa vidogo haina faida ya maana.

Lakini kwa programu ya aina hii, jambo linalopaswa kuamua kwanza ni jina litakaloonekana. Mteja akilipa kwa Apple, taarifa yake ya benki huonyesha jina la Apple, wala si la programu; kwa Google Play, jina la programu au la mtengenezaji wake linaweza kuonekana pamoja na la Google. Akilipa kwako kwa kadi, huonekana jina la biashara ulilosajili kwa msindikaji wa malipo, mara nyingi lisilozidi herufi 22. Ukiandika jina linalotaja nguvu za kiume, umempelekea ujumbe kila mtu anayesoma taarifa hiyo nyumbani. Tumia jina la kampuni lisiloeleza ugonjwa, ila liwe lilelile lililo kwenye ukurasa wa malipo. Jina asilolitambua humfanya mteja apinge makato.

Duka nalo lina mianya. Risiti ya barua pepe hutaja programu na jina la usajili, kwa hiyo uite "Mpango wa miezi 3" na si "Tiba ya kuwahi kufika kileleni". Na kwenye kushiriki manunuzi ya familia kwa Apple, kadi inayokatwa ni ya msimamizi wa familia. Sema hivyo kwa sentensi moja juu ya kitufe cha kulipa. Arifa ya kukumbusha malipo iseme "Mpango wako unaisha Ijumaa" bila kutaja ni wa nini, kwa sababu itatokea kwenye skrini iliyofungwa mezani.

Kurejesha pesa pia kunatofautiana. Kwa Apple uamuzi ni wa Apple. Utaletewa taarifa tu. Kwa kadi uamuzi ni wako, na tunashauri uwe mwepesi. Anayeomba pesa yake baada ya malipo ya mwaka aliyoyasahau apewe.

Jaribio bila malipo

Siku saba zinatosha kwa programu ya mazoezi au usingizi: mtu ataona kama inamfaa. Kwa uzazi au nywele siku saba hazionyeshi kitu, na siku 30 pia. Hapo jaribio lisijifanye linathibitisha matokeo, lionyeshe kazi. Mpe hatua ya kwanza nzima, kwa mfano wiki mbili za mwanzo za mazoezi ya nyonga zenye maelekezo kamili, halafu mtoze kwa zilizobaki.

Kuomba kadi kabla ya jaribio huleta watu wachache walio makini, pamoja na kundi la waliosahau kusitisha. Kundi hilo hupamba takwimu za mwezi wa kwanza, kisha hurudi kama madai ya pesa na tathmini mbaya. Kwa usajili wa Apple, mteja anatakiwa asitishe angalau saa 24 kabla kipindi hakijaisha. Andika tarehe na saa halisi ya mwisho kwenye skrini, usimwachie ahesabu. Kama programu inagusa mambo ya faragha, tunapendelea jaribio lisilohitaji kadi, hata kama namba zitaanza chini.

Visivyofungwa nyuma ya malipo

Korodani iliyojisokota huuma ghafla na kwa ukali, na nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa sita hivi. Uume uliosimama zaidi ya saa nne bila kulegea ni dharura. Dawa za kusimamisha uume za kundi la sildenafil zikichanganywa na dawa za nitreti za maumivu ya kifua zinaweza kushusha shinikizo la damu kwa hatari. Damu kwenye mkojo, maumivu ya kifua wakati wa tendo la ndoa, mawazo ya kujiua: hakuna hata moja kati ya haya linaloruhusiwa kukutana na skrini ya bei.

Kiufundi, maana yake ni kwamba utafutaji ndani ya programu ufanye kazi bila usajili, na kurasa hizi zihifadhiwe ndani ya simu ili zifunguke hata bila intaneti. Jaribu mwenyewe: weka programu kwenye simu mpya, bila akaunti, zima intaneti, andika "korodani inauma". Skrini ya malipo ikitokea kabla ya maelekezo, programu haiko tayari kuuzwa.

Kumbukumbu za mteja nazo ni zake. Usajili ukiisha unaweza kufunga uchambuzi na masomo, lakini vipimo alivyoandika mwenyewe vibaki vinasomeka na vipakulike kama faili. Mtu anayeenda kwa daktari na miezi minane ya shinikizo la damu iliyofungwa kwa sababu kadi yake imeisha muda ameumizwa na bei yako.

Yanayoharibika baada ya kuanza kutoza

Google Play inakutaka uthibitishe kila ununuzi ndani ya siku tatu. Usipothibitisha, mteja hurejeshewa pesa moja kwa moja na usajili hufutwa. Seva ikilala Ijumaa jioni na ikaamshwa Jumanne, utakuta mauzo yamepotea. Uthibitisho ufanyike kwenye seva, ukiwa na foleni ya kurudia na kengele ya kukuamsha.

Kadi hugoma mara nyingi bila mteja kukusudia kuondoka. Apple huendelea kujaribu kutoza hadi siku 60, na unaweza kuwasha muda wa neema wa siku 3, 16 au 28 ambao mteja haondolewi huduma. Kwa mtu aliye katikati ya mpango wa dawa au mazoezi, washa siku 16 angalau. Kukatiwa katikati ya wiki ya nane ndiko humfanya asirudi.

Apple inazitaka programu zinazofungua akaunti ziruhusu pia kuifuta ndani ya programu, tangu tarehe 30 Juni 2022. Kufuta akaunti hakusitishi usajili wa duka, wala kuiondoa programu kwenye simu hakusitishi. Mwanamume anayefuta kila kitu kwa haraka ili asionekane ataendelea kukatwa, na hatakuwa na akaunti ya kukuandikia. Weka skrini moja kabla ya kufuta: "Usajili wako bado unaendelea, usitishe hapa," pamoja na kiungo kinachofungua ukurasa wa usajili wa duka husika.

Kisha anayehama kutoka iPhone kwenda Android. Usajili alioununua kwa Apple hautajulikana Google Play. Kama haki ya matumizi umeifunga kwenye akaunti yako, ataingia na kuendelea. Kama umeifunga kwenye kifaa, atalipa mara mbili. Kitufe cha kurejesha manunuzi kiwepo kwenye skrini ya bei, kionekane bila kutafutwa.

Kupandisha bei

Apple inaruhusu ongezeko bila kumwomba mteja idhini endapo halizidi asilimia 50 na halizidi dola 5 kwa kipindi (dola 50 kwa usajili wa mwaka), mara moja tu ndani ya mwaka, na pale sheria za nchi zinaporuhusu. Likizidi hapo, mteja asipokubali, usajili wake haujihuishi. Njia iliyo rahisi kuitetea ni kuwaacha wa zamani kwenye bei yao na kutoza wapya bei mpya. Maduka yote mawili yanaruhusu. Kama gharama zimepanda kiasi kwamba hilo haliwezekani, usiguse vifurushi vya miezi mitatu vilivyokwisha anza. Pandisha kwa wanaoanza kifurushi kingine, na ujumbe wa taarifa useme bei ya zamani, bei mpya, tarehe, na jinsi ya kupakua kumbukumbu zake kama ataamua kuondoka.